Besi ndani ya magugu: anza na mshipi, chambo kitafuata

Besi, samaki mla samaki wenzake, wa kilo mbili akishika chambo chini ya magugumaji, kitu cha kwanza anachofanya ni kugeuza kichwa na kuzama kwenye mizizi. Akiwahi kuuzungusha mshipi kwenye mashina mawili matatu, kazi imeharibika: unachovuta sasa ni kichaka kizima na samaki ndani yake. Ndiyo maana swali linaloulizwa na karibu kila anayeanza, "nitumie chambo gani?", huja mapema mno. Penye magugu mazito besi si mgumu kudanganywa. Amejificha kivulini, haoni mbali, na kitu kikimpitia karibu hapati muda wa kukichunguza. Anakipiga au anakiacha. Ugumu uko katika kumtoa. Kwa hiyo kwanza litazame gugu lenyewe, kisha chagua mshipi unaoweza kupambana nalo, kisha ndoano isiyonyookea mshipi huo, na mwisho kabisa chambo cha kuifikisha ndoano hiyo alipo samaki. Ukianzia kwenye chambo utanunua kumi vya rangi zote na bado samaki watakuwa wanakukatia mshipi.

Kwetu Afrika Mashariki, mahali jambo hili linapoonekana waziwazi ni Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Besi wa mdomo mpana, samaki wa asili ya Amerika Kaskazini, walipandikizwa humo mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa michezo, na wakaongezwa tena miaka iliyofuata. Mafunjo yalikuwapo tangu zamani. Salvinia, gugu dogo linaloelea, ilionekana ziwani miaka ya 1960, na gugumaji mwaka 1988. Kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya Louisiana, waliingizwa mwaka 1970 na wakawa chakula cha besi. Matokeo yake ni kwamba ziwa moja lina aina nyingi za maficho ambazo wavuvi wa Florida na Texas wanapambana nazo. Mbinu nyingi zinazoelezwa hapa zilikomaa huko Marekani. Dee Thomas wa California aliupatia umaarufu, katika miaka ya 1970, uvuvi wa kudondosha chambo karibu kwa ufito mrefu. Huko Florida nako gugu la hidrila lilisambaa kwa kasi baada ya kuingia miaka ya 1950, na wavuvi wakalazimika kujifunza kuvua ndani yake badala ya pembeni.

Lisome gugu kabla ya kufungua sanduku

Jiulize swali moja: magugu yamelala juu ya maji, yamesimama, au yamezama? Kila hali inataka chambo kipite kwa njia tofauti.

Gugumaji na salvinia huelea. Juu hutengeneza tabaka zito, lakini chini ya mizizi kuna maji wazi, yenye giza na kivuli, na humo ndimo besi anamoogelea. Ukilitazama kwa juu unadhani ni ukuta. Kwa samaki ni paa tu. Hata hivyo, usidhani kila sehemu chini ya paa hilo ina samaki. Tabaka kubwa lililokaa muda mrefu mahali pamoja huzuia hewa na mwanga, na majani yanayooza hula oksijeni iliyobaki. Katikati ya eneo kama hilo maji hayafai, na harufu ya uozo itakuambia. Tumia muda wako kwenye mita chache za ukingoni, kwenye vidimbwi vidogo vilivyobaki wazi katikati ya majani, kwenye pembe zinazoingia ndani, na hasa pale gugumaji lilipojibana na mafunjo. Tabaka lililosukumwa na upepo wa jana likagota kwenye mafunjo, huku maji chini yake yakiwa bado mazuri, ndilo la kuanzia. Nyamaza kidogo usikilize. Vidoko vidogo chini ya majani ni samaki wadogo wanaookota wadudu, na walipo wadogo besi hayuko mbali.

Mafunjo na matete husimama. Hapa hakuna paa la kutoboa, kuna mashina. Chambo hushuka kwa urahisi kati ya shina na shina. Taabu huja wakati wa kurudi, kwa sababu samaki akipita upande wa pili wa shina moja tu, mshipi umeshapinda.

Magugu yaliyozama ndiyo yanayowadanganya wengi, maana juu maji yanaonekana safi. Pima kwa chubwi: iachie ishuke, hesabu, halafu ivute. Ikirudi na majani, jua urefu wa maji yaliyobaki juu ya magugu. Kama ni nusu mita au zaidi, una njia ya kupitisha chambo kwa mlalo. Kama ni kiganja tu, lichukulie eneo hilo kama tabaka la juu.

Mshipi

Kuna aina tatu sokoni. Kila moja ina mahali pake, lakini ndani ya magugu mazito uwanja hauko sawa hata kidogo.

Nailoni ya kawaida, ule uzi mmoja unaong'aa unaouzwa kila duka la vifaa vya uvuvi, ina sifa inayowafaa wavuvi sehemu nyingi: hunyumbuka. Ikivutwa kwa nguvu inaweza kurefuka kwa robo ya urefu wake, au karibu na hapo, kabla ya kukatika. Kwenye maji wazi mnyumbuko huo hupunguza mshtuko samaki anapokurupuka. Ndani ya magugu ndio unaokuponza. Uko mita 20 kutoka kwa samaki, umevuta ufito kwa nguvu zako zote, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo imeishia kwenye kuunyoosha uzi. Ndoano inachoma nusu tu, besi anapata sekunde anayoihitaji, anazama. Isitoshe, nailoni hunyonya maji na kupungua nguvu, na haikati mashina bali huyakumbatia.

Florokaboni nayo ni uzi mmoja, lakini mgumu zaidi kuchubuka na mgumu zaidi kuonekana ndani ya maji, kwa sababu namna inavyopinda mwanga inakaribia ile ya maji. Huzama. Inafaa kando ya mafunjo machache kwenye maji maangavu, kwa jigi (ndoano yenye kichwa kizito cha chuma) au chambo laini cha mpira, ukitumia ya paundi 20 (kilo 9 hivi). Kwa chambo kinachoelea haifai: uzito wake huvuta pua ya chura bandia chini na kuharibu mwendo wake. Nayo hunyumbuka, ingawa madukani husifiwa kana kwamba hainyumbuki.

Wa tatu ni mshipi wa kusuka, unaotengenezwa kwa nyuzi nyembamba za polietilini, nne au nane zilizosukwa pamoja. Karibu haunyumbuki kabisa. Huelea. Na, jambo ambalo wengi hawalifikirii, hukata: ukiwa umekazwa hupita kwenye shina laini la gugu kama msumeno. Samaki anapozunguka mashina, mshipi huu huyakata mengi ya hayo mashina na kumfuata alipo. Kwa magugu mazito hatuoni mjadala hapa. Ni mshipi wa kusuka, moja kwa moja hadi kwenye ndoano.

Nguvu gani? Kwa chura bandia juu ya tabaka na kwa kulitoboa tabaka kwa chubwi nzito, paundi 65 (karibu kilo 29) ndicho kipimo cha kawaida. Kwa jigi ya kuogelea au chambo laini kati ya matete, paundi 50 (karibu kilo 23) zinatosha. Penye gugumaji nene sana, ambako chubwi ni ya gramu 40 kwenda juu, wengine hupanda hadi 80. Mtu ataona ni wazimu kumvua samaki wa kilo mbili kwa mshipi wa kilo 29. Lakini hesabu si ya samaki peke yake. Besi huyo akitoka, atatoka na shada la magugu yenye maji, ambalo laweza kumzidi uzito mara kadhaa, na mvutano wa kwanza wa ghafla ni mkubwa kuliko uzito wa vyote viwili. Kuna sababu nyingine ya kiufundi: mshipi mwembamba ukivutwa kwa nguvu hujichimbia ndani ya tabaka za mshipi ulio chini yake kwenye rili. Ukirusha mara nyingine hukwama hapo, chambo kinasimama hewani au kinakatika na kwenda zake. Wa paundi 65 una unene wa takriban milimita 0.4, sawa na nailoni ya paundi 16 hivi, kwa hiyo haujichimbii hovyo na bado unaingia wa kutosha kwenye rili.

Ukiufunga mshipi wa kusuka peke yake kwenye rili utateleza: utazungusha mkono, rili itazunguka, na mshipi wote utageuka mahali pamoja bila kuvuta kitu. Anza na mita 10 za nailoni chini yake, au bandika kipande cha utepe kwenye chuma kwanza. Ujaze ukiwa umekazwa, mtu akiushika kwa kitambaa chenye maji. Ukijazwa kwa ulegevu utajichimbia hata ukiwa mnene.

Na usiweke kipande cha florokaboni mbele. Kwenye maji wazi kipande hicho kina maana. Chini ya paa la magugumaji samaki haoni mshipi, na fundo la kuunganishia ndilo litakalobeba majani kila unapovuta na ndilo litakalokatika kwanza.

Fundo la kutumia ni Palomar, kwa sababu fundo la kuzungusha lililozoeleka kwenye nailoni huteleza kwenye uzi laini wa kusuka. Kunja mshipi mara mbili, urefu wa sentimita 15, na upitishe kitanzi kwenye tundu la ndoano. Kwa mshipi huohuo uliokunjwa, funga fundo la kawaida bila kulikaza, ndoano ikining'inia. Sasa pitisha ndoano yote ndani ya kitanzi kilichobaki, lowesha, kisha vuta mshipi mrefu na mkia wake kwa pamoja mpaka fundo likae juu ya tundu. Acha mkia wa nusu sentimita. Makosa ni mawili: nyuzi mbili kupishana ndani ya tundu, na kitanzi kukwama nusu njia badala ya kushuka chini ya tundu lote. Lolote kati ya hayo likitokea, kata ufunge upya. Kwa chura bandia kitanzi kiwe kikubwa, maana chura mzima lazima apite.

Kila baada ya samaki, pitisha mita mbili za mwisho kati ya vidole. Mshipi ukiwa na manyoya, kata sehemu hiyo. Kupauka kwa rangi si tatizo. Baada ya msimu, mshipi uliochakaa upande mmoja unaweza kugeuzwa, ule wa ndani ukaja nje, na ukapata msimu mwingine.

Onyo moja la mwili: chambo kikikwama, usizungushe mshipi wa kusuka mkononi ili kuuvuta. Unakata nyama hadi mfupani. Uzungushe kwenye kipande cha mti na uvute hicho.

Chura bandia

Kwa tabaka linaloelea, hiki ndicho chambo cha kwanza: mwili wa mpira ulio wazi ndani, ndoano mbili nene zimelala mgongoni zikitazama juu na kuubana mwili. Akiburutwa juu ya majani hakwami. Akibanwa na mdomo wa samaki, mpira hunywea na ndoano hutokeza. Uzito wa gramu 15 hadi 20 unafaa. Mwenye pua iliyochongoka hupanda juu ya majani bila kujichimbia. Mwenye mdomo bapa, anayetema maji, ni wa vidimbwi na ukingo, si wa katikati ya tabaka.

Akitoka dukani huwa bado hajawa tayari. Kwa koleo, inua ncha za ndoano kidogo sana, milimita moja au mbili kutoka mgongoni. Ukizidisha ataanza kuokota majani. Punguza miguu yake ya nyuzi, mmoja mfupi kuliko mwingine kwa sentimita moja hivi, atakuwa anayumba kulia na kushoto ukimvuta kwa mapigo mafupi. Kama tabaka ni nene na chura anapita juu bila majani kutikisika, mwongezee risasi ndogo mbili tatu kupitia tundu la ndoano, ili uzito wake ubonyeze majani. Samaki aliye chini hamwoni chura vizuri. Anaona kivimbe kinachosogea juu yake. Ndiyo maana rangi ya mgongo haina maana kubwa. Tumbo ndilo lenye maana, na kwa kivuli kizito tumbo jeusi linaonekana vizuri zaidi kuliko jeupe, kwa sababu huchora umbo dhidi ya mwanga. Kila baada ya kurusha mara kadhaa, mbane umkamue maji. Aliyejaa maji huzama mkia na kuanza kukwama.

Rusha zaidi ya unapopalenga, mita mbili tatu mbele, kisha mlete. Akifika kwenye kidimbwi, msimamishe na umtikise papo hapo bila kumsogeza. Besi akipiga, maji hulipuka na majani huruka, na mikono ya kila mtu hutaka kuvuta wakati huohuo. Hapo ndipo chura hutoka mdomoni au hajaingia kabisa, maana besi amepiga akiwa amezibwa na majani na mara nyingi amekosa shabaha. Shusha ncha ya ufito, zungusha rili kuondoa ulegevu, subiri uone mshipi ukihama au uhisi uzito, ndipo uvute, kwa mikono miwili na kwa juu. Akikosa, mrudishe chura palepale mara moja. Akikosa mara ya pili, dondosha chambo laini chenye chubwi katika tundu alilolifungua mwenyewe. Hilo la kuwa na ufito wa pili tayari miguuni linalipa kuliko kubadilisha vyura.

Kutoboa tabaka

Siku nyingine besi hapandi juu. Jua ni kali, hakuna upepo, au wamekuwa wakipigiwa vyura wiki nzima. Wako palepale chini ya paa, tatizo ni kwamba chambo chako hakiwafikii. Hapo unatoboa.

Unahitaji chubwi nzito yenye umbo la risasi ya bunduki, gramu 28 hadi 56. Tungsteni ni bora kuliko madini ya kawaida ya risasi, kwa sababu kwa ujazo uleule uzito wake ni mara 1.7: chubwi ya uzito uleule inakuwa ndogo na kupenya bila kufungua shimo kubwa. Ni ghali, ni kweli, lakini kwa kuwa mshipi ni wa paundi 65 hutazipoteza nyingi. Nyuma yake kuna ndoano ya shina lililonyooka, waya mnene, namba 4/0 au 5/0, na chambo laini kifupi cha sentimita 9 au 10 chenye mwili mwembamba. Chenye mikono mingi inayotanuka hakipiti. Viungo hivyo hushika majani. Kwa Naivasha, umbo la kamba wale wa maji baridi, rangi ya kahawia iliyochanganyika na nyekundu au nyeusi na buluu, ndilo linalofanana na chakula chenyewe. Ncha ya ndoano ifichwe ndani ya ngozi ya chambo, milimita moja tu chini.

Chubwi lazima ifungwe isiteleze, la sivyo yenyewe itazama na chambo kitabaki juu ya majani. Tumia vizuizi viwili vya mpira badala ya kimoja, kwani kwenye mshipi wa kusuka kimoja huhama.

Fundo hapa hubadilika. Badala ya Palomar, funga mshipi kwenye shina la ndoano. Ingiza mwisho wake kwenye tundu kutoka upande inakotazama ncha, ulaze kando ya shina, tengeneza kitanzi, halafu zungusha mwisho huo mara saba au nane kulizunguka shina na kupitia kitanzi, lowesha, kaza. Ukivuta, mshipi unaotokea upande wa ncha huisukuma ndoano igeuke nje, na chubwi ikigota kwenye tundu huongeza mgeuko huo. Ncha inakwenda yenyewe kwenye taya la juu. Ukiingiza mshipi kutoka upande wa mgongo, fundo litaonekana vilevile lakini ndoano itageukia ndani, na utakuwa unavuta chambo kutoka midomoni bila kujua kwa nini. Hakikisha tundu la ndoano halina mwanya. Uzi wa kusuka hupenya mwanya ambao nailoni isingepita.

Simama karibu, mita tatu hadi tano. Usirushe kwa mlalo. Kipandishe chambo juu kishuke kwa wima, na kikigusa majani usiwe umeushika mshipi, maana ukiushika kitapoteza kasi na kubaki juu. Anza na gramu 28. Kisipopita mara mbili mfululizo, panda hadi 42. Tumia nyepesi kabisa inayopita, kwa sababu nzito kupita kiasi hufungua mdomo wa samaki anapotikisa kichwa. Kikipita, fuatilia kwa kidole. Mara nyingi samaki hushika kikiwa bado kinashuka, na dalili ni kwamba mshipi umesimama kabla ya kufika chini, au unakimbia pembeni. Kikifika chini, kiinue mara mbili, kisha kipandishe hadi chini ya mizizi ukishikilie hapo sekunde chache. Hakuna kitu? Kitoe, dondosha nusu mita pembeni. Sekunde kumi na tano kwa kila tundu zinatosha.

Akishika, vuta juu na usiache kuvuta. Lengo ni kichwa chake kipite tabaka kabla hajakigeuza. Akikwama ndani ya majani na mshipi bado umekaza, acha kabisa kuvuta-vuta kwa ufito. Kila ukilegeza anapata nafasi ya kutema, na kila ukizidisha unapanua tundu la ndoano. Kaza tu, peleka boti hadi alipo, na umfukue kwa mikono.

Mashina na magugu yaliyozama

Kati ya mafunjo na matete, jigi ya kuogelea ya gramu 10 yenye kichwa kilichochongoka na brashi ya kuzuia magugu ndiyo inayotufaa zaidi, ikifuatiwa na chambo laini chenye chubwi ya gramu 7 hadi 14. Pitisha sambamba na ukuta wa mashina, kisha dondosha kwenye kila uwazi unaoingia ndani. Brashi ya jigi mpya huwa ngumu mno. Punguza nyuzi zake theluthi moja, la sivyo inamzuia samaki kama inavyozuia gugu. Chambo chenye bapa za chuma zinazozunguka kinafaa ukingoni maji yakiwa na tope, kwa mtetemo wake, lakini usikiingize ndani.

Juu ya magugu yaliyozama kuna kighairi kimoja cha sheria ya mshipi. Hapo wengi hutumia chambo kigumu kisicho na ulimi (kibapa cha mbele cha kukizamisha), gramu 14, chenye ndoano za meno matatu, wakikivuta kiguse majani kisha wakikichomoa kwa ghafla. Meno hayo ni ya waya mwembamba. Ukiyafunga kwa mshipi usionyumbuka na ufito mgumu, utayanyoosha au utachana mdomo wa samaki. Tumia florokaboni ya paundi 15 hadi 17 na ufito laini kidogo. Vivyo hivyo kwa kila ndoano nyembamba: mshipi wa paundi 65 unaigeuza ndoano kuwa sehemu dhaifu ya mnyororo mzima, na ndoano nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa sato hazikutengenezewa mvutano huo. Kabla ya kuziamini, funga moja kwenye mti na uivute kwa ufito wako.

Ufito wenyewe uwe wa mita 2.1 hadi 2.3, mgumu, wenye ncha inayorudi haraka. Wa kutobolea urefuke hadi mita 2.4. Rili ya pipa inayokaa juu ya ufito, yenye mizunguko 7 au 8 kwa kila mzunguko wa mkono, ndiyo inayostahimili kazi hii. Breki yake ikazwe kiasi kwamba ukivuta mshipi kwa mkono uliovaa glavu unatoka kwa shida. Mwenye rili ya kuning'inia namba 4000 asikate tamaa: kwa mshipi wa kusuka wa paundi 40 anaweza kuvua kwa chura penye magugu ya wastani, ila kutoboa asijaribu. Na aliye na ufito mmoja tu kwa siku nzima aweke mshipi wa kusuka wa 65, abebe vyura wawili na chubwi mbili za gramu 28. Hapo ameshafunika sehemu kubwa ya Naivasha.

Ziwani

Pata leseni ya uvuvi wa michezo na uulize ofisi ya uvuvi kama ziwa halijafungwa kwa wakati huo. Nenda na nahodha anayelijua ziwa, kwa sababu mafunjo hayo hayo ni makazi ya viboko, na kivimbe kinachosogea chini ya gugumaji si lazima kiwe besi. Usivue kwa miguu ukingoni alfajiri wala jioni.

Asubuhi huwa shwari. Mchana upepo hupanda na magugumaji huanza kusafiri. Usiingize boti kwenye ghuba ambayo upepo unasukuma magugu kuelekea mlangoni mwake, unaweza kufungiwa humo kwa saa kadhaa. Ukilazimika kupita juu ya tabaka, zima injini, inua panga lake la kusukumia boti, tumia kasia au mti. Mizizi ikiziba njia ya maji ya kupoozea, injini inaungua.

Mshipi wa kusuka uliokatika hauozi kwa miaka mingi, na tai wavuvi na mnandi hunaswa miguu humo. Kila kipande kirudi mfukoni. Kabla ya kuondoka ufukweni, kagua nanga, kamba, trela na sakafu ya boti, na uyang'oe majani yote yaliyonata. Salvinia huzaliana kwa vipande. Kimoja chenye chipukizi, kikifika na unyevu wake kwenye bwawa lingine, kinaanzisha tabaka jipya huko. Yaanike yaliyong'olewa juani, mbali na maji, mpaka yakauke kabisa.